Goti la Kushoto

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Kurasa za mbele za daftari hili ni viuno na mabega ya wanawake wa Igogo. Nimeligeuza, naanzia nyuma, kwa sababu huko mbele hapana nafasi ya kipimo changu. Kipimo changu ni hiki: kutoka goti la kushoto kwenda chini, shubiri moja, basi. Hapo ndipo ninapoishia upande huo.

Mwaka jana lori la barafu liliteleza kwenye mteremko likanibana na ukuta. Mengine sina haja ya kuyaandika, nayajua. Nimebaki na kigutu, na tangu Agosti ninao mguu wa bandia. Antoni, kijana anayetengeneza miguu hiyo kwenye karakana ya hospitali, alinigongagonga goti kwa kidole akasema, "Huu ndio mtaji wako, mama. Wenye goti wanapanda mawe ya Igogo. Wasio nalo, ni wachache nimewaona wakipanda." Nyumba yangu iko juu ya kilima cha mawe. Cherehani yangu iko chini, kwenye baraza kando ya barabara. Basi ninajua ninachokilinda.

Redio inasema mvua za mwaka huu zina jina, El Nino. Sisi tumezoea mvua zisizo na jina. Leo imeanza mchana na bado inanyesha.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Soksi za kigutu hazikukauka.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeshinda barazani. Jirani yangu Luhende amemwaga marobota ya mitumba hadi karibu na kiti changu, na wateja wanapita kwangu wakienda kwake. Blauzi ya Ulaya inapatikana kwa bei ya vifungo vyangu. Lakini Ramadhani inakuja, na baada yake Idi, na hakuna mama wa Kiislamu wa Igogo atakayemvisha binti yake mtumba siku ya Idi wakati mimi ni mzima. Gauni la Idi ni langu, kwa hiyo nitakuwapo.

Sijakosa sala hata moja tangu nitoke hospitali, hilo naliandika kwa kujisifu na Mungu anisamehe. Adhuhuri na alasiri naingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, navua mguu, navuta birika, natawadha kama nilivyofundishwa: mguu wa kulia, kisha wa kushoto, yaani kile kilichobaki. Najifuta kwa khanga, navaa, narudi kwenye kazi. Alfajiri, magharibi na isha natawadhia nyumbani.

Wifi yangu Ng'washi alikuwa amekuja kuniletea chakula, akanikuta ninamimina. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, Ally. Ally alisilimu aliponioa. Dada yake alibaki na mila za kwao na ng'ombe wake huko Bujora. Amekuja kunisaidia, na kusaidia kwake ni kusema. Anasema akipika, anasema akifagia, na kwake r na l ni mtu na ndugu yake. Leo alisimama na bakuli mkononi akaanza, "Wifi, hayo maji..." Nikamkata. Nilimwambia mambo ya dini yangu hayamhusu. Akaweka bakuli chini akaondoka, na kwa mara ya kwanza nimekula kwa amani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ngozi ya kigutu imekuwa nyeupe na kujikunja, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Na vipele vimetokea mbele, pale mfupa unapogusana na kikombe. Kikombe ndivyo Antoni anavyoliita lile shimo la mguu wa bandia ambamo kigutu kinaingia. Vinawasha kuliko ukurutu.

Jumapili, 2 Novemba

Ng'washi amefungua chupa yake ya samli. Anasema kwao ngozi ikisumbua, ya mtoto au ya ndama, hupakwa mafuta ya ng'ombe. Nimemwachia anipake kwa sababu nimechoka kujikuna. Sasa nanuka maziwa, na paka wa jirani amekuwa rafiki yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku zangu zimeingia. Sisali. Kazi nyingi.

Jumanne, 11 Novemba

Ajabu. Vipele vimekauka, ule weupe umeondoka, na nimepanda mawe jioni bila kusimama njiani. Ng'washi anatembea humu ndani kama mganga aliyefukuza pepo. Nimemwambia ahsante na nimesema kweli, ingawa atanichosha na hiyo samli hadi Idi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimejitwaharisha, nimerudi kwenye sala. Moyo umetulia. Mvua nayo imerudi.

Jumamosi, 22 Novemba

Ziwa limepanda. Nyumba za chini zimeingia maji, na watu wanapitisha magodoro yao kichwani mbele ya baraza. Inabidi ninyamaze kuhusu ngozi wakati wengine hawana pa kulala. Lakini hapa si barazani, hapa ni daftarini: lengelenge limetokea mbele ya kigutu, leo limepasuka ndani ya kikombe, na nimeshona magauni mawili nikiwa nimeuma khanga. Ng'washi ameongeza samli.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemfukuza Ng'washi.

Sikusema neno "ondoka", lakini alisikia. Asubuhi nilivua soksi ikaja na ngozi. Harufu ikatoka, na si harufu ya maziwa. Yeye akaenda kuchukua ile chupa, nami nikaitwaa mkononi mwake nikaitupa nje juu ya mawe ikavunjika. Nilimwambia dawa zake ni za ng'ombe na mimi si ng'ombe. Nilimwambia kaka yake alitoka kwenye ujinga huo na hakutaka kuurudia. Hili la mwisho ni uongo, Ally aliipenda samli ya kwao mpaka alipokufa.

Alifunga nguo zake katika kitenge, akanibandikia maji ya kuoga, akaenda zake Bujora. Sijuti. Kilichoniharibia mguu ni mafuta yake, na mwenye akili angeliona hilo mapema.

Jumatano, 3 Desemba

Nimetoka hospitali sasa hivi. Jana nilipata homa, na kinena cha kushoto kilivimba tezi. Luhende alinitafutia gari. Huyu mtu niliyekuwa nikimwita nzige wa mitumba alinibeba mgongoni kunishusha kwenye mawe, akitukana mvua kwa Kisukuma njia nzima.

Daktari alikibonyeza kigutu, akakinusa waziwazi bila kunificha, akaandika sindano. Kisha akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue. Alisema kidonda kimeshuka ndani na kipo karibu na mfupa. Atanipa dawa na muda. Nisivae mguu kabisa. Akinitazama baada ya mwaka mpya akakuta bado kinatoa usaha, atakata tena, na safari hii atakata juu ya goti ili apate nyama nzima.

Nilimwuliza kama anaweza kukata chini ya goti, hata kidogo tu. Akasema pamebaki shubiri moja, mama, nikate wapi? Mimi ni fundi. Najua kitambaa kikikatwa vibaya mara ya kwanza, mara ya pili huwa huna pa kukatia.

Nimelia njiani. Naliandika kwa sababu Luhende aliona, na nisipoliandika nitakuja kumwambia aliona vibaya.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeenda karakana kwa magongo, mguu wa bandia nimeupakata. Nilitaka Antoni aseme kwamba ni samli. Nilimweleza habari yote ya Ng'washi, hadi ya chupa. Akatikisa kichwa, akasema mafuta ni mabaya kweli, yanalainisha ngozi na kuozesha soksi, lakini mafuta peke yake hayafanyi hivi. Alikitazama kikombe ndani kwa tochi, akapitisha kidole, akakinusa.

"Kuna wakati wowote kigutu kilipona?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mwezi uliopita, kama wiki moja hivi.

"Wiki hiyo ulifanya nini ambacho hukufanya siku nyingine?"

Nilitaka kusema samli. Lakini samli nilipaka kabla yake na nilipaka baada yake. Nikaona aibu hata kabla ya kujua ninaona aibu ya nini. Yule ni kijana ninayeweza kumzaa, Mjita, mtoto wa kanisa. Nikatazama ukuta nikasema, "Wiki hiyo nilikuwa sisali."

Hakuelewa. Aliniuliza kama kusali kunachubua. Ikabidi nimweleze udhu: kwamba kila sala ina maji yake, na kwamba navua, naosha, najifuta, navaa, mara tano kila siku. Nilipokuwa nikieleza, mikono yangu ilikuwa ikionyesha, na nikaiona mikono yangu mwenyewe ikimimina maji mahali pale pale, ikifuta haraka kwa sababu mteja anangoja, ikivuta soksi ambayo yenyewe haikukauka tangu jana.

Antoni hakunicheka. Alisema ngozi iliyolowa ikifungiwa ndani ya kikombe huvimba na kuiva, na ikiiva huchubuka, na mvua hizi zimemaliza kazi. Alisema kigutu kinaoshwa jioni tu, mtu akishamaliza kutembea, kwa sabuni isiyo kali. Kisha kikauke, kipate hewa, kitazamwe kwa kioo kila upande.

Nikamwuliza kwa ukali kama ananiambia niache sala. "Sijasema hivyo, mama," akajibu. "Mimi najua ngozi tu. Hayo mengine kawaulize wenyewe."

Ijumaa, 5 Desemba

Usingizi haukuja. Mawazo yalikuwa haya: goti au sala. Kama Mungu ananitaka nichague, basi nitasali na goti liende, kwa sababu sikuvumilia yote haya ili nije nimwache Yeye mwishoni. Kulikucha nikiwa na uamuzi huo, na nilikuwa nimekasirika vibaya sana. Nilikuwa nimemkasirikia Yeye mwenyewe, nakiri.

Nikapanda kwa Mwalimu Yasmin. Yeye amewafundisha Kurani wanawake wa mtaa huu wote, mimi nikiwa mmoja wao, na fimbo yake naikumbuka. Nimefika kwake nimelowa, magongo yamejaa tope. Shikamoo, marahaba, akanipa kiti na taulo. Nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimsomee fardhi za udhu. Nilidhani ananidhihaki, mtu mzima mimi, lakini macho yake yalikuwa yale yale ya enzi zile, basi nikazisoma. Nia. Uso. Mikono mpaka viwikoni. Kupaka kichwa. Miguu mpaka kwenye vifundo.

"Kifundo chako cha kushoto kiko wapi?" akauliza.

Nikamwambia kilikatwa, anajua.

"Basi unaosha nini?"

Akaegemea mbele akanishika goti, hili hili la kushoto.

"Moza, mguu umekwenda na udhu wake. Kifundo kikiondoka, hakikuachii deni. Anayekudai kuuosha ni nani?"

Nikasema ni mimi. Nililisema kabla ya kulifikiria, kisha nikalifikiria na ni kweli. Tangu hospitali sikumwuliza mtu yeyote. Kila nilipomimina maji kushoto, kwangu mguu ulikuwa bado upo, unaoshwa kama mwenzake. Kuacha kuuosha kungekuwa ni kuuzika. Mguu wenyewe walikwisha kuuzika wao wa hospitali, sijui hata wapi, mimi sikuwapo. Nimelia tena, mara ya pili wiki hii, na Mwalimu Yasmin aliniacha nilie, kisha akaniambia niinuke, adhuhuri imeingia.

Nilitawadha uani kwake. Mguu wa kulia. Kisha mkono ukaenda kushoto wenyewe, nikaurudisha. Nikasali nimekaa kwenye kiti, kigutu kikavu.

Jumatatu, 8 Desemba

Sivai mguu. Nimefungiwa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Magongo hayashiki tope. Jana nilianguka mlangoni nikaangukia upande mzuri, kwa bahati. Vitambaa vya Idi vimelundikana barazani, na Luhende anavilinda.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua tu. Nimeosha jioni, nimekausha, nimetazama kwa kioo kile cha wateja. Kidonda nacho kinanitazama.

Ijumaa, 12 Desemba

Luhende anakwenda Kisesa kesho kuuza mitumba, na kutoka Kisesa hadi Bujora si mbali. Nimefikiri asubuhi yote nimtume aseme nini. Nilitaka aseme naumwa, lakini huo ungekuwa ujanja, kumwita mtu kwa huruma wakati anastahili kuitwa kwa heshima. Nimemwambia aseme hivi: Moza anasema haikuwa samli, na lile la Ally lilikuwa uongo.

Jumatano, 17 Desemba

Leo asubuhi nilisikia kelele za wanaume kwenye mawe. Nikatoka kwa magongo. Ng'washi alikuwa mbele, kichwani kabeba kichwa cha cherehani yangu kimefungwa kwa kitenge, mkono mmoja tu umekishika. Nyuma yake Luhende na mchukuzi wanahangaika na meza na miguu yake ya chuma, wanateleza, na yeye anawaelekeza pa kukanyaga. Alitua mzigo mlangoni, akaniambia habali za hapa, kama mtu aliyetoka sokoni. Akasema kama fundi hawezi kushuka kwenye cherehani, cherehani haina vidonda, ipande yenyewe.

Nilianza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono, akaketi kizingitini.

"Wifi, mimi niliona," akasema. "Kwetu ng'ombe akioza kwato hatumpeleki malambo, tunamweka pakavu. Nilikuona unaingia majini mala tano na nikajua. Nikataka kusema, ukaniambia dini hainihusu. Nikasema basi, maji ya sala labda hayadhulu. Nikachukua samli, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoluhusiwa."

Nimeishi na mwanamke huyu nikihesabu maneno yake yote kuwa kelele. Neno moja lililokuwa na faida ndilo nililolikata. Nilimwambia hivyo hivyo nilivyoandika. Akasema tumekosa wote, sasa nimwonyeshe kidonda.

Jumapili, 21 Desemba

Mguu wa kulia peke yake unaendesha cherehani, ila kiuno kinalia. Ng'washi ameweka kigoda chini ya meza. Nikichoka anakaa pale na kusukuma kanyagio kwa mikono, mimi naongoza kitambaa juu. Mwanzoni alikwenda mbio kama anayetwanga, tukashona mkono wa gauni kwenye shingo. Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Antoni amepanda mawe na suti yake kuja kunitazama kigutu, akala pilau ya Ng'washi. Anasema kingo za kidonda zinakaribiana. Ameniletea soksi mpya za pamba.

Jumatano, 31 Desemba

Mwezi umeandama, kesho tunafunga. Mimi daktari amenikataza kufunga mpaka dawa ziishe, nitalipa. Ng'washi anauliza kwa nini dini yetu ina madeni mengi hivi. Nimemwambia mengine, kumbe, yalikwisha kufutwa.

Jumanne, 6 Januari 1998

Magauni. Usaha kidogo leo. Sikulala vizuri.

Jumatano, 7 Januari

Hakuna usaha.

Jumamosi, 10 Januari

Hakuna. Ng'washi anashika kioo kabla sijaomba. Anakigeuzageuza, ananitangazia anachokiona, na siku hizi nangoja nimsikie anavyosema.

Jumanne, 20 Januari

Hospitali. Luhende alinibeba tena kushuka, akidai nimenenepa. Ng'washi aliingia nami kwa daktari na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Daktari alibonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, nami nikamtazama usoni badala ya kutazama kigutu, kwa sababu usoni ndipo hukumu inapotokea. Alibonyeza kinena. Akamwita mwenzake, naye akabonyeza. Wakasemezana Kiingereza. Ng'washi akamwuliza waziwazi, "Daktali, goti linabaki?"

"Linabaki," akasema. "Ngozi imefunga. Avae mguu taratibu, kidogo kidogo."

Ng'washi akanikanyaga mguu wa kulia kwa furaha, kwa bahati mbaya, na bado unauma. Tumepitia karakana. Antoni amekwangua kikombe pale mbele, mfupa usigusane nacho tena. Nimevaa, nimesimama mbele ya benchi lake, nikamwomba anigongee goti kama mara ya kwanza. Akaligonga.

Jumapili, 25 Januari

Nimevaa asubuhi tu. Nimeshuka hadi jiwe la tatu na kupanda. Jioni kioo: pekundu kidogo, pakatulia.

Alhamisi, 29 Januari

Gauni la mwisho limetoka. Hakuna la mtu lililobaki. Jioni nimemshonea Ng'washi blauzi kwa kitambaa kilichobaki, nikaandika kipimo chake huko mbele pamoja na wengine. Amesema imembana kwapani. Haikumbana.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Mvua imetupisha.

Nimeshuka mawe yote kwa mguu wangu, Ng'washi mbele na blauzi yake, akinionyesha pa kukanyaga ingawa mawe haya nilianza kuyapanda kabla hajanijua. Barazani pa Luhende nilisimama, watoto wakapita na magauni yangu, na yeye akayahesabu kwa sauti kama vile ni yake. Kisha tukapanda uani kwa Mwalimu Yasmin, wanawake wanakotawadhia kabla ya sala. Ng'washi akabaki nje ya ua kunishikia mkoba na magongo, ambayo nilimwambia sitayahitaji na yeye akayabeba.

Nilikaa kwenye kijiwe karibu na bomba. Uso, mikono, kichwa. Nikaosha mguu wa kulia mpaka juu ya kifundo, nikapitisha kidole katikati ya vidole, polepole, bila kukimbilia pengine. Mama mmoja mgeni alinitazama akingoja niendelee. Mkono wangu nao uliondoka, mazoea hayaishi, ukaenda kushoto ukakuta goti. Nikaliacha kavu, nikasimama.

Tulipotoka baada ya sala, Ng'washi aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama leo nimeosha miguu.

Nikamwambia, "Nimeosha nilionao."